Karatasi nne, kurasa kumi na sita: kutengeneza kijarida cha mashairi na michoro Lubumbashi na kukigawa bure

Karatasi nne za A4, zikikunjwa katikati na kubanwa pini mbili mgongoni, zinakupa kurasa 16 za ukubwa wa A5. Humo zinaingia jalada, ukurasa wa taarifa, mashairi manane, michoro mitano na ukurasa wa nyuma. Rimu moja ina karatasi 500. Nakala 110 zinakula karatasi 440, na 60 zinabaki kwa zile zitakazoharibika. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutafuta jina, kabla ya kumwomba mtu shairi, kabla hata ya kufungua kikundi cha WhatsApp. Vijarida vingi hufa toleo la kwanza likiwa bado kwenye simu, kwa sababu wenyewe walipanga kurasa arobaini za rangi, bei ya fotokopi wakaiuliza mwisho.

Mji huu si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1965, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Elisabethville, André Yav na chama cha watu waliowahi kuwa maboi kwenye nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa: kurasa zipatazo thelathini, zilizopigwa taipu na kurudufiwa kwa mashine. Hawakungoja mchapishaji. Tunachoeleza hapa ni kazi ya ukoo uleule, ila mashine imebadilika. Vijana wengine husema fanzini, kutoka Kifaransa. Sisi tutasema kijarida.

Hesabu ya fedha

Gharama kubwa ni pande za fotokopi. Kila nakala ina karatasi nne zenye maandishi pande zote mbili, yaani pande 8. Nakala 110 ni pande 880. Ukifika kwenye kibanda cha fotokopi, usiulize "karatasi ni ngapi?" Uliza maswali matatu: upande mmoja bei gani nikitoa zaidi ya 800, recto-verso (pande zote mbili za karatasi) inahesabiwa mbili au kuna punguzo, na je, nikileta rimu yangu mwenyewe bei inashuka kiasi gani? Vibanda vilivyo karibu na kampasi ya Kassapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi vimezoea kazi ya wingi kwa sababu ya silabasi za wanafunzi, kwa hiyo bei huko inazungumzika kuliko pale ambapo watu huja na kitambulisho kimoja kimoja.

Kisha toa hesabu ya nakala ambazo hazitafika mtaani. Washairi wanane na wachoraji sita, ukimhesabu wa jalada, ni watu 14. Kila mmoja akipewa nakala tatu, 42 zimeondoka. Weka 5 za kumbukumbu. Kati ya 110, msomaji usiyemjua anabaki na 63. Hilo si jambo baya, maana nakala ya mshairi husomwa na nyumba nzima. Ila ujue mapema, usije ukaahidi sehemu kumi nakala kumi kumi.

Fedha zitoke kwa mchango wa kikundi, au kwa mtu mmoja anayetoa rimu naye akapewa tangazo kwenye ukurasa wa 16: fundi cherehani, saluni, duka la vifaa vya shule. Tangazo moja, nyuma, basi. Likiingia katikati ya mashairi, kijarida kinageuka karatasi ya matangazo na watu wanakitupa kama wanavyotupa zile nyingine.

Kama ni mara ya kwanza, anza na karatasi moja

Kabla ya kurasa 16, tengeneza kijarida cha kurasa 8 kwa karatasi moja tu. Hakina pini wala uzi, na fotokopi ni upande mmoja: nakala 100 ni pande 100. Kikundi kinachoshindwa kumaliza hiki hakitamaliza kile kikubwa.

Laza A4, upande mrefu ukiwa chini. Ikunje iwe na vyumba vinane: safu mbili, kila safu vyumba vinne. Safu ya chini, kutoka kushoto kwenda kulia, weka kurasa 8, 1, 2, 3, zikiwa zimesimama kawaida. Safu ya juu, kutoka kushoto, weka 7, 6, 5, 4, zote zikiwa kichwa chini. Ukurasa wa 1 ndio jalada, wa 8 ni jalada la nyuma.

Baada ya fotokopi, kunja karatasi nusu ili zile kingo fupi zikutane. Kwenye ule mkunjo, kata kwa wembe au mkasi kufuata mstari wa kati unaotenga safu ya juu na ya chini, na uishie kwenye mkunjo unaofuata. Kwa hiyo umekata vyumba viwili tu vya katikati. Vya pembeni havikuguswa. Fungua, kunja kwa urefu maandishi yakiwa nje, shika ncha mbili na uzisukume zikutane. Pale ulipokata panafunguka na karatasi inasimama kama msalaba. Zizungushe kurasa hadi jalada likae mbele, kisha bana kila mkunjo kwa mgongo wa kijiko.

Linaloharibika hapa ni moja: mkato ukizidi hata sentimita moja, mshikamano wa pembeni unachanika na kurasa zinaning'inia. Kata pungufu kidogo, halafu malizia kwa ncha ya wembe.

Kila ukurasa hapa ni A7, milimita 74 kwa 105. Ukiacha pambizo, unabaki na upana wa milimita 58 hivi, na herufi za ukubwa wa 8 au 9. Mstari wa shairi la mizani 16 hautoshi, na mashine itaukata popote inapotaka. Usiiachie. Kata wewe kwenye kina cha kati: ukwapi, yaani nusu ya kwanza, juu; utao, nusu ya pili, chini yake ukiwa umesogezwa ndani kidogo. Msomaji wa mashairi ataona mara moja kwamba ni mstari mmoja uliopumzika, si miwili.

Upande wa pili wa karatasi hiyo uko wazi. Ukipata fedha ya upande mmoja zaidi, weka hapo mchoro mmoja mkubwa wa A4. Anayefungua kijarida anakuta picha ya kubandika ukutani, na kwenye vyumba vya wanafunzi picha hiyo itadumu kuliko kijarida chenyewe.

Kukusanya mashairi

Tangazo la kuomba kazi liseme mambo machache na liyaseme kwa namba: mistari isiyozidi 28, mashairi yasiyozidi mawili kwa mtu, siku ya mwisho, na namna ya kutuma. Mistari 28 haikutoka hewani. Ukurasa wa A5 una urefu wa milimita 210. Ukitoa pambizo ya juu na ya chini, kwa herufi za ukubwa wa 11 unapata mistari 34 au 35. Jina la shairi, jina la mtunzi na nafasi kati ya beti vinakula sita au saba. Anayetuma mistari 40 anahitaji kurasa mbili, maana yake kuna mtu mwingine anatoka.

Pokea pia sauti. Katika mji huu wako watu wanaotunga kwa kinywa, na kumlazimisha mama wa mtaa wa Katuba aandike ndipo asikike ni kumfungia mlango. Anayeandika kutoka kwenye sauti asikilize mara mbili kabla ya kushika bic. Mara ya tatu aandike, akikata mstari pale msemaji anapovuta pumzi. Kisha amsomee mwenyewe alichoandika, neno kwa neno, naye aseme ndiyo au hapana. Kuruka hatua hiyo ndiko kunakoleta ugomvi baada ya kuchapa.

Kuhusu lugha, msisahihishe Kiswahili cha Lubumbashi kiwe cha Dar es Salaam. Mshairi akiandika "ba mama banatoka ku soko", hiyo ndiyo sauti yake, na mkiibadilisha kuwa "akina mama wanatoka sokoni" mmemwandikia shairi jingine lenye mizani nyingine. Kinachohitaji uamuzi ni tahajia. "Ba mama" au "bamama"? "Ku soko" au "kusoko"? Chagueni njia moja kwa kila shairi, mkubaliane na mtunzi, na mziandike kwenye kaye (daftari) moja ili toleo lijalo lisianze upya. Shairi la Kibemba, Kiluba au Kichokwe liachwe kama lilivyo. Kama kuna nafasi, tafsiri ya mistari miwili chini inatosha.

Kila mtunzi aulizwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: jina gani lichapwe, na je, anakubali watu watoe fotokopi na kugawa bure? Nchini Congo haki za mtunzi zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986. Kijarida kuwa bure hakumwondolei mshairi haki yake. Andikeni wazi kwenye ukurasa wa 2: "Kila shairi na mchoro ni mali ya mwenyewe. Unaruhusiwa kutoa fotokopi nzima na kugawa bure. Hairuhusiwi kuuza." Hapo hapo iwe tarehe, namba ya toleo na namna ya kuwapata. Tarehe husahaulika sana, na baada ya miaka mitatu hakuna anayejua nakala ni ya lini.

Shairi linalomtaja jirani kwa jina na kumtuhumu mchawi au mwizi lirudishwe kwa mtunzi, aondoe jina. Wale ambao kazi zao hazikuingia wajibiwe pia, wote, kwa sentensi ya kweli inayosema sababu. Ukimya unaua kikundi haraka kuliko ukosefu wa karatasi.

Michoro inayopenda mashine

Mashine ya fotokopi haioni kama jicho. Penseli kwake ni vumbi. Rangi ya kijivu iliyopakwa laini inatoka na madoa kama ukuta wenye unyevu. Njano inapotea kabisa, buluu hafifu nayo hupotea, nyekundu inageuka nyeusi. Mchoraji aliyetumia siku tatu kupaka vivuli kwa penseli atalia akiona nakala, kwa hiyo mwambieni kabla hajaanza: wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na kivuli kijengwe kwa mistari au nukta.

Na hapa Lubumbashi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika karakana ya uchoraji ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua mwaka 1946, ile inayokumbukwa kwa jina la Hangar, Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangwa ubavu kwa ubavu; Pilipili Mulongoy alijaza nafasi ya nyuma ya ndege na samaki wake kwa alama ndogondogo; Bela alipaka kwa vidole. Hao walikuwa wakipaka rangi, hawakuwa na shida ya fotokopi. Lakini chukua kalamu ya wino, fuata mistari ya Mwenze au alama za Pilipili, na utapata mchoro ambao mashine mbovu kuliko zote itautoa vizuri. Mistari iachane angalau milimita moja. Ikisongamana zaidi inaungana na kuwa doa. Mchoraji achore kwa ukubwa uleule utakaochapwa, au mara mbili yake. Akichora mkubwa mno, mistari ikipunguzwa inakuwa nywele.

Maneno ndani ya picha yanaruhusiwa na yanapendeza. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi hapa katika miaka ya 1970, aliandika moja kwa moja juu ya turubai zake, na watu walisoma picha zake kama wanavyosoma kitabu. Herufi za mkono ziwe na urefu wa milimita 3 au zaidi, la sivyo matundu ya "a" na "e" yatajaa wino.

Ombi moja kwa wachoraji wa jalada: bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima chake cheusi vimeshachorwa vya kutosha. Kama lazima viwepo, viwe na jambo jipya mbele yake.

Mchoro upigwe skani, DPI (nukta kwa inchi) 600 kwa wino mweusi. Kama hakuna skana, simu inatosha: weka mchoro sakafuni karibu na mlango saa nne asubuhi, kwenye mwanga usio wa jua kali, zima flashi, simama wima juu yake ili kingo za karatasi zilingane na kingo za kioo. Kisha ongeza mwangaza na tofauti ya weusi na weupe mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Ukiacha kijivu kidogo, kitachapwa.

Kupanga kurasa

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na dawa yake ni ya dakika tano. Chukua karatasi nne tupu, zikunje pamoja katikati, na kwa bic andika namba 1 hadi 16 kwenye pembe za kurasa kama kitabu. Kisha zitenganishe. Utakuta hivi:

Karatasi ya kwanza: mbele 16 na 1, nyuma 2 na 15.
Karatasi ya pili: mbele 14 na 3, nyuma 4 na 13.
Karatasi ya tatu: mbele 12 na 5, nyuma 6 na 11.
Karatasi ya nne: mbele 10 na 7, nyuma 8 na 9.

Kila jozi ikijumlishwa ni 17. Kwa kijarida cha kurasa 12 ni 13, kwa kurasa 20 ni 21: daima idadi ya kurasa na moja zaidi. Ukiona jozi isiyotoa jumla hiyo, umekosea. Na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukiwa na kurasa 17, umejinunulia kurasa tatu tupu.

Mkikubali shairi la kurasa mbili, likae kwenye kurasa zinazotazamana, 6 na 7 kwa mfano, msomaji asilazimike kufunua katikati ya pumzi. Mchoro mpana unaovuka kurasa mbili uwekwe 8 na 9 tu, kwa sababu hizo ndizo pekee za ndani zilizo kwenye uso mmoja wa karatasi moja. Popote pengine nusu moja itapanda na nyingine itashuka.

Pambizo: milimita 15 upande wa mkunjo, 12 upande wa nje, 15 juu, 18 chini. Mashine nyingi haziwezi kuchapa milimita 4 au 5 za ukingoni, kwa hiyo jalada jeusi hadi mwisho wa karatasi litatoka na fremu nyeupe. Kama hutaki fremu hiyo, usichore hadi ukingoni.

Ukitumia kompyuta, panga kurasa kwa mfuatano wa kawaida, 1 hadi 16, kwa ukubwa wa A5, uhifadhi PDF. Kwenye dirisha la kuchapa la Acrobat Reader chagua "Livret" (kijitabu), na programu itapanga zile jozi yenyewe. Usipeleke faili ya Word kibandani. Kompyuta ya kule haina fonti zako, mistari itahama, na shairi lililokaa ukurasa mmoja litamwaga mistari miwili ukurasa wa pili. PDF haihami. Weka faili kwenye kle ya USB na pia kwenye simu, maana kle hushika virusi vibandani.

Ukipanga kwa mkono, mkasi na gundi, tumia gundi ya fimbo. Ile ya majimaji inakunja karatasi. Kingo za vipande ulivyobandika hutoa mistari myembamba ya kivuli kwenye nakala. Zipitishie blanko (wino mweupe wa kufutia makosa), iache ikauke kabisa, kisha weka chini ya kifuniko cha mashine. Blanko mbichi kwenye kioo cha mashine ya mtu ni aibu na ni gharama.

Siku ya fotokopi

Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, si wakati wa mitihani ya wanafunzi. Chapa kwanza nakala moja safi kwa printa ya leza: hiyo ndiyo nakala mama. Kuchapa kutoka kompyuta huwa ghali kuliko fotokopi, kwa hiyo nyingine zote zitoke kwenye nakala mama. Daima rudi kwa mama. Fotokopi ya fotokopi inanenepesha herufi, na baada ya vizazi vitatu nukta za mchoro zimekuwa tope.

Kwa kurasa zilizolala, recto-verso igeuzwe kwenye ukingo mfupi, "bord court". Ikigeuzwa kwenye ukingo mrefu, nyuma yote inatoka kichwa chini. Ukubwa uwe asilimia 100, si "ajuster à la page", ambayo hupunguza kurasa na kuhamisha katikati. Toa nakala moja kamili, ikunje hapo hapo kaunta, ifunue ukurasa kwa ukurasa ukihesabu kwa sauti. Baada ya hapo ndipo useme "toa 110". Mwenye kibanda akikuharakisha, mwambie kwa upole kwamba kosa likitokea ni karatasi 440.

Kama mashine haina recto-verso ya kujigeuza, zinatolewa mbele zote 110 za karatasi ya kwanza, kisha zinarudishwa kwa upande wa nyuma. Karatasi ikitoka ina joto na imejipinda. Ukiirudisha papo hapo inakwama. Ipigepige mezani, igeuze mpindo uangalie chini, ngoja dakika kumi. Jaribu moja kabla ya 110, kwa sababu kila mashine ina mwelekeo wake wa kupokea karatasi.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimeshika, karatasi hunywa unyevu. Rimu iliyofunguliwa jana inakwama leo. Ifungue pale mashineni, si nyumbani. Kiangazi adui ni vumbi jekundu: omba kioo kifutwe kwanza, la sivyo doa moja litakaa kwenye kila ukurasa mahali palepale. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hesabu ulichonacho na uandike kwenye kaye: karatasi gani, upande gani, ngapi. Usitegemee kukumbuka.

Jalada la rangi halihitaji wino wa rangi. Nunua karatasi 110 za rangi, njano au kijani hafifu, na utumie hizo kwa karatasi ya kwanza. Nyeusi juu ya njano inaonekana hata ng'ambo ya barabara. Ukitaka jalada gumu la gramu 160, uliza kwanza kama mashine inalipokea kwa trei ya mkono.

Kukunja na kubana

Panga mirundo minne mezani, karatasi ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza, na watu wapite wakiokota karatasi moja moja kutoka kila rundo. Gonga kingo zilingane, kunja zote nne pamoja, kisha pitisha mgongo wa kijiko cha chuma kutoka katikati kwenda juu, halafu kutoka katikati kwenda chini. Ukianzia ncha moja, karatasi inasukumwa na kijarida kinakuwa na upembe.

Mashine ndefu ya pini ni adimu, na ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungue mkono wake kabisa. Fungua kijarida, kilaze jalada likiwa juu, mkunjo ukiwa juu ya babushi (kandambili) kuukuu au katoni nene. Piga pini mbili kwenye mkunjo wenyewe, sentimita 5 kutoka kila ncha. Kivute taratibu, geuza, na uone miguu miwili ya pini imesimama ndani, kati ya ukurasa wa 8 na wa 9. Ilaze kwa kijiko ielekeane, si kwa kidole. Pini za 24/6 zinatosha. Pini ikipigwa pembeni ya mkunjo, hata milimita mbili, kijarida hakifunguki vizuri. Itoe upige upya.

Uzi ni mzuri zaidi, na haupati kutu wakati wa mvua. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene: moja katikati, sentimita 10.5, na mawili sentimita 3.5 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimita 50. Ingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, acha mkia. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka ndani hadi tundu la chini ukipita lile la kati, toka nje, kisha rudi ndani kwa tundu la kati. Mikia miwili ikae kila mmoja upande wake wa ule uzi mrefu, kaza, funga fundo. Mafundi cherehani wa mitaa ya Kenya na Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, huwa na uzi wa rangi uliobaki, omba, hawakatai.

Kugawa

Andika BURE kwenye jalada, kwa herufi kubwa. Bila neno hilo mtu ataogopa kuchukua, akidhani atadaiwa. Chini ya ukurasa wa mwisho weka: "Ukimaliza, mpe mwingine."

Usiache lundo la nakala 30 mahali pamoja; zitafungiwa karanga. Acha nne au tano mahali ambapo watu hukaa wakingoja: saluni ya kusuka, kinyozi, malewa (mgahawa mdogo wa mtaani), chumba cha kungojea cha kituo cha afya, meza ya parokia, kibanda kilekile cha fotokopi. Omba ruhusa kwa mwenye mahali, mpe yeye nakala yake kwanza mkononi. Toboa pembe ya nakala moja, ipitishe uzi, itundike msumarini. Hiyo haiondoki, husomwa na kila anayengoja. Shule wapewe walimu wa lugha, mbili mbili. Zile 5 za kumbukumbu: mbili zibaki kwa kikundi ndani ya bahasha kavu pamoja na nakala mama, moja ipelekwe maktaba ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, moja Makumbusho ya Taifa, moja kwa mtu anayeishi mji mwingine.

Siku ya kwanza ya kugawa iwe na usomaji. Uani kwa mtu, saa tisa alasiri, viti vya plastiki, kila mtunzi shairi moja. Wanaokuja kumsikiliza binamu yao huondoka na kijarida chote.

Kwa simu tengeneza PDF mbili. Ya kwanza ni ya kusoma: kurasa 1 hadi 16 kwa mfuatano, isizidi megabaiti 2, maana watu hununua mega kwa kupima. Ya pili ni ya kuchapa, zile jozi zikiwa zimeshapangwa, na jina la faili liseme wazi: "CHAPA recto-verso bord court". Mtu wa Likasi au Kolwezi akiipata hiyo, anaweza kutoa nakala 20 zake mwenyewe kibandani bila kuuliza kitu. Watu wakichapa ile ya kusoma, wanapata kurasa 16 zisizokunjika, na lawama zinarudi kwenu.

Baada ya wiki mbili, mmoja wenu apite kila mahali akiwa na ile kaye. Aandike zimebaki ngapi, na mwenye mahali amesema nini. Mahali pa nakala sifuri, toleo lijalo peleka nane. Mahali ambapo zote tano bado zipo, zichukue uzipeleke kwingine siku hiyohiyo.